Maswali ya Wasomaji: Koki Isiyoguswa Yenye Sabuni Ndani

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni fundi bomba, ninaishi Mabatini, Mwanza. Mwenye mgahawa mmoja wa samaki ufukweni ameniomba nimbunie koki ya kunawia ambayo mteja haigusi, itakayotoa maji na sabuni kwenye shingo moja. Nimeunda ya majaribio kwa sensa (kifaa kinachotambua mkono) na vali ya umeme (kinachofungua na kufunga maji) ya dukani. Nyumbani, kwa maji ya mamlaka, ilifanya kazi vizuri. Lakini mgahawani, ambako maji hushuka kutoka simtanki lililo juu ya mnara wa mita tatu, hutoa maji membamba na mara nyingine hukataa kufunga. Sabuni nayo hukaukia mdomoni. Nimekosea wapi?

JIBU: Ndugu fundi, sensa yako haina kosa, ugomvi uko kwenye vali. Kila mita kumi za kimo huyapa maji msukumo wa takriban baa moja (kipimo cha msukumo, si ile baa ya bia), kwa hiyo mnara wako wa mita tatu unakupa kama baa 0.3 tu, wakati vali nyingi za umeme zinazouzwa kwa ajili ya koki huhitaji karibu nusu baa au zaidi. Ndani yake mna kiwambo cha mpira chenye kitundu chembamba, na kiwambo hicho hufunguka na kufungwa kwa nguvu ya maji yenyewe. Umeme hufanya kazi ndogo tu ya kuamrisha. Msukumo ukipungua, maji hutoka kidogo na kiwambo hakikalii vizuri. Na uchafu ukiziba kitundu hicho, vali haifungi kabisa. Nunua vali inayofanya kazi bila kuhitaji msukumo, ile ambayo sumaku yake huinua kizibo moja kwa moja, na uchague inayojifunga umeme unapokatika. Kabla yake weka chujio linalofunguka kwa mkono, kwa maana tanki lisilooshwa hukusanya tope chini.

Utaniambia kwamba vali ya namna hiyo hula umeme muda wote maji yanapotoka. Ni kweli, lakini tupige hesabu. Chukua vali ya wati 10 na wateja 200 kwa siku, kila mmoja akitumia maji kwa sekunde 20: jumla ni sekunde 4,000, yaani zaidi kidogo ya saa moja, sawa na wati-saa 11 hivi. Betri ya volti 12 na ampea-saa 7 hubeba wati-saa 84. Paneli ndogo ya sola juu ya paa la mgahawa inatosha, na umeme wa gridi ukikatika wateja hawatakuwa na habari.

Sasa sabuni, ambayo kwa maoni yangu ndiyo sehemu ngumu kuliko zote, ingawa wabunifu wengi huifikiria mwishoni. Sabuni ya maji inayotengenezwa mitaani huongezewa uzito kwa chumvi, na dumu la leo halilingani na la juma lijalo. Chumvi hula springi za chuma duni, na sabuni nzito huishinda pampu ndogo iliyopimwa kwa sabuni nyepesi. Tumia pampu inayokamua mrija laini kwa magurudumu, ambayo sabuni haigusi kitu kingine isipokuwa mrija. Mrija ukichakaa, unaubadilisha peke yake. Kila mkono unapotokea ipime mililita moja, hivyo lita moja itahudumia watu elfu moja.

Mrija wa sabuni upite ndani ya shingo ukiwa peke yake, usikutane na maji mahali popote, na uishie sentimita chache kando ya mdomo wa maji. Mwishoni pachike kizibo cha mpira kilichopasuliwa kama mdomo wa bata: hufunguka sabuni inaposukumwa, kisha hujibana, hewa isiingie kuikausha. Fanya ncha hiyo iweze kuchomolewa na kuloweshwa katika maji ya moto kila juma, la sivyo utaitwa kila mara.

Weka sensa mbili, ya sabuni kushoto na ya maji katikati, zikitofautiana angalau kwa upana wa kiganja. Nimeona michoro inayomlazimisha mteja kufuata ratiba ya mashine: maji, sabuni, kungoja, maji. Mtu aliyetoka kula ugali na sato kwa mkono hana subira hiyo. Mwache achague, wewe weka tu kikomo ili maji yasitoke zaidi ya dakika moja hata mtu akisahau sahani chini ya koki.

Sensa za bei nafuu hupima wingi wa mwanga wa infraredi, usioonekana kwa macho, unaorudi. Jua la alasiri likipiga ziwa huzichanganya, sinki la chuma king'avu huziamsha bure, na ngozi nyeusi inaweza kurudisha mwanga mdogo kuliko kiwango kilichowekwa kiwandani. Mwaka 2017 ilisambaa video ya mashine ya sabuni iliyoukataa mkono mweusi na kuukubali mweupe. Tafuta sensa inayopima muda wa mwale kwenda na kurudi, na uijaribu kwa mikono ya watu wote wa jikoni, ikiwa mikavu, ikiwa na maji, na ikiwa na mafuta ya samaki.

SWALI: Mimi ni mhudumu wa zahanati huko Ukerewe. Je, nasi tutafute koki za sensa?

JIBU: Hapana, dada au kaka. Mwaka 2011 watafiti wa Johns Hopkins, Marekani, walikuta bakteria wa Legionella, wanaoweza kuleta nimonia kali, mara nyingi zaidi kwenye koki za sensa za hospitali yao kuliko za kawaida, na walishuku kwamba vali zake zenye vijisehemu vingi huwapa vijidudu pa kukaa. Tena kutogusa hakuhitaji umeme: masharti ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 1991 kuhusu samaki yalitaka koki za viwandani zisifunguliwe kwa mkono, na kikanyagio au kisukumio cha goti kilitosha. Kwenu wekeni koki ya mkono mrefu inayosukumwa kwa kiwiko, na kando ya choo kibuyu chirizi (dumu la maji linaloinamishwa kwa kamba ya kukanyaga) chenye kipande cha sabuni kilichotobolewa na kufungwa kamba.