Mjomba, yule kulungu wa kwenye picha sio raha

Mjomba shikamoo, na wengine wote mliocheka chini ya ile picha niliyotuma habari zenu. Meseji yako imeingia huku saa saba usiku, kwenu saa mbili asubuhi, najua ulikuwa ushapiga chai, umeandika "mtoto wa Igoma anakula bata Marekani, likizo nzima anasoma vitabu na kufuga swala", af chini yake ukaweka bei ya nyavu. Sikulala tena.

Kwanza yule sio swala na wala simfugi. Ni aina ya kulungu, wana mkia mweupe kwa chini, hapa Ohio wanazurura mitaani kama mbuzi wa Mabatini hapo Mwanza, wanaingia uani kwa bibi mwenye nyumba wanakula maua yake, na mimi nikitoka kwenye zile nyasi lazima nijikague miguu maana kuna kupe wadogo kama punje ya ufuta wanaleta ugonjwa unaitwa Lyme. Yule mnyama mwingine wa kwenye picha, anayechimba shimo chini ya banda, ni kama pimbi wa mawe ya Capri Point aliyenenepa. Basi. Nilimpiga picha kwa sababu nilikuwa nimekaa pale tangu asubuhi, na nilikuwa nimekaa kwa sababu sina kazi.

Hapo ndo hamtaki kuelewa. Viza yangu ya mwanafunzi. Masomo yakiwepo naruhusiwa masaa 20 kwa wiki, ndani ya chuo, likizo naweza kuongeza ila ni ndani ya chuo hichohicho, sasa mimi kazi yangu kuosha vyombo jiko la wanafunzi na wanafunzi wameenda kwao, nani achafue sahani? Nimebakiziwa masaa manane ya kupanga vitabu maktaba. Kuna mgahawa hapa jirani wamebandika mlangoni wanatafuta watu, napita kila siku naangalia pembeni. Nikiingia nikabambwa viza imekwenda, narudi Igoma bila digrii na nyie haohao ndo mtauliza ilikuwaje. Wapo wanaofanya kichinichini, siwahukumu, moyo huo sina.

Ndo maana vitabu. Vitabu ni bure, kadi ya maktaba ya mji sijalipa hata senti na mule ndani kuna kiyoyozi. Nimejipangia vitabu 10 mpaka Agosti, niko cha nne, na kimojawapo ni cha kemia, nakisoma mapema maana nikifeli lile somo ufadhili unayumba. Jua lenyewe linazama saa tatu usiku, siku haiishi, utafanya nini.

Sasa niwaambie ya dagaa, nilikuwa sitaki mama ajue. Wale dagaa wa soko la Mwaloni alionitumia kwa mtu mwezi wa nne nilikuwa nawala kwa kuhesabu, kiganja kimoja Jumapili. Mwezi wa sita bibi akashuka ngazi kashika pua, ananiuliza kwa upole kabisa kama kuna kitu kimekufa huku chini. Akaomba niwatoe nje. Nikawaweka kwenye ndoo barazani nyuma, nikafunika, juu tofali. Usiku nasikia tofali linaburuzwa, nawasha taa, ni rakuni. Mkia una pete, usoni kama kavaa kinyago cha mwizi, kakaa kitako anachukua dagaa mmoja mmoja kwa vidole, vidole kabisa mjomba, anamgeuza, anamkagua, anatia mdomoni. Hakushtuka hata. Na kumfukuza naogopa, wale wanabeba kichaa cha mbwa na sindano zake huku kama bima yako ni ya kubahatisha ni maelfu ya dola. Nikabaki nyuma ya kioo namwangalia anamaliza dagaa wa mama yangu. Nililia. Dagaa tu, ila nililia.

Wiki hiyohiyo kicheche wa huku, mweusi mwenye mistari meupe, akaachia mambo yake pale uani, harufu ya mpira unaoungua uchanganye na kitunguu saumu kilichooza, mtaa mzima unanuka. Bibi akacheka, eti ndo joto limefika. Kicheche ni majira, dagaa ni maiti! Sikumjibu kitu. Kodi yake dola 400 hajawahi kupandisha, na akioka mkate ananishushia nusu.

Kulwa mdogo wangu, uliuliza kama uje. Usije. Chuo kikuu cha SAUT kiko hapo Malimbe, utasoma unalala kwenu unakula sato. Ila ukipata ufadhili kamili, nasema kamili sio wa nusu, njoo hata kesho, usimsikilize mtu, hata mimi usinisikilize. Koti usibebe la soko la Mlango Mmoja, utanunua mtumba huku, baridi ya huku hilo halilijui. Fomu zako soma mwenyewe mpaka herufi ndogo za chini. Na usiuze ng'ombe wa babu kwa ajili ya nauli.

Mjomba, zile dola 60 za mwezi wa tano, laki na nusu mliyosema ni ya vocha, ilikuwa chakula changu cha wiki mbili. Sikulaumu. Nikituma nalala usingizi, nisipotuma naziota nyavu zako zimechanika na nyie mmekaa mwaloni mnawaangalia wenzenu wanatoka. Nisubiri mwisho wa Agosti chuo kikifungua, sahani zikianza kuchafuka tena ntakutafutia. Usikope kwa yule wa sangara tafadhali.

Mama, mwezi wa tisa kuna mtu anakuja huku. Nitumie wengine, safari hii wa kukaanga hawanuki sana, na wafunge kwenye kopo la mfuniko wa kuzungusha, uukaze haswa, maana hawa wana mikono.