Konveta haifungi baada ya giaboksi kuundwa upya: usiishushe bado

Mkuu, umesema giaboksi yako ya A340 (otomatiki ya Toyota) imerudi kutoka kwa fundi, gia zote nne zinaingia vizuri, ila ukiwa kilomita 80 kwa saa Thika Road RPM inakaa 2,000, mafuta ya giaboksi yanapata moto, na fundi anataka kuishusha tena. Mwambie angoje. Konveta ndiyo inayopeleka nguvu ya injini kwenye giaboksi kwa njia ya mafuta; klachi iliyo ndani yake hufunga, injini na giaboksi zikazunguka pamoja, kwa amri ya kompyuta, na mara nyingi kompyuta imekataa kutoa amri kwa jambo ambalo haliko kwenye giaboksi kabisa.

Hakikisha kwanza kweli haifungi. Chora chaki kwenye tairi, sukuma gari tairi lizunguke mara moja, pima kwa tepu. Tuseme ni mita 2.4, uwiano wa difu ni 4.1, wa gia ya nne ni 0.7. Ukiwa 80 gari linakwenda mita 1,333 kwa dakika. Gawa kwa 2.4, zidisha kwa 4.1, kisha kwa 0.7: unapata kama 1,600. Hiyo ndiyo RPM ya konveta iliyofunga. Zile 400 za ziada ni mafuta yanayosukana ndani, na moto wako unatoka hapo. Spidi isome kwenye GPS, mshale wa dashibodi hudanganya. Kisha, akseleta ikiwa palepale, gusa breki kwa mguu wa kushoto kiasi cha kuwasha taa tu (barabara iwe wazi nyuma yako). Konveta iliyofunga itajiachia na RPM itaruka juu papo hapo. Isiporuka, haikuwa imefunga.

Sasa thamostati, ile valvu inayozuia maji yasiende rejeta mpaka injini ipate joto. Hapa Nairobi kuna ugonjwa wa kuing'oa na kuitupa eti gari lisichemke. Injini ikikosa thamostati, asubuhi ya Julai kwenye barabara ya kasi inaendeshwa ikiwa baridi, na kompyuta haifungi konveta injini ikiwa baridi. Chomeka skana, tazama joto la maji ukiwa mwendoni: liwe nyuzi 80 au zaidi. Likiwa 55 au 60, nunua thamostati kabla ya kununua kitu kingine chochote. Hapohapo kwenye skana tazama swichi ya breki. Ikisoma kwamba umekanyaga na mguu uko mbali, konveta haitafunga hata uende Mombasa.

Hayo yakiwa sawa, fuata umeme. Solenoidi (valvu ya umeme) ya konveta ni ile inayoitwa SL. Pima kwenye plagi ya giaboksi, kati ya waya wake na bodi: omu 11 hadi 15 gari likiwa limepoa. Ikisoma wazi, yaani mzunguko umekatika, shusha sampu (beseni la mafuta chini ya giaboksi). Plagi yake huachwa bila kuchomekwa, au waya hubanwa na sampu wakati wa kufunga. Ipe voti 12 moja kwa moja, ilie "tik". Usijaribu hivyo kwenye solenoidi za kudhibiti presha, zile za omu 5 hivi, zinaungua.

Amri ipo, umeme unafika, skana inatoa P0741 (kodi ya klachi ya konveta kutofunga)? Basi tatizo ni la presha. Anza na valvu bodi, kile kipande chenye valvu zinazogawa mafuta, kwa sababu hutoka kwa chini bila kushusha giaboksi. Valvu ya konveta ikishapakwa ATF (mafuta ya giaboksi) inapaswa kuteleza kwenye tundu lake kwa uzito wake yenyewe. Ikikwama hata kidogo, ni unga wa chuma wa uharibifu wa kwanza ambao haukuoshwa.

Kinachobaki ni sili za pampu na za shafti ya kuingilia, au konveta yenyewe. Muulize fundi waziwazi: konveta ilikatwa ikawekwa lining mpya ya klachi, au ilimwagwa mafuta ikarudishwa? Imechomelewa pande zote, kuiosha kwa petroli hakuonyeshi hali ya lining. Mimi singelipia kazi ya giaboksi iliyorudishiwa konveta ya zamani.

Ikibidi ishuke, rejeta ya ATF na mabomba yake yasafishwe pia, la sivyo uchafu unarudi uleule. Wakati wa kuipandisha, konveta isukumwe ndani huku ikizungushwa mpaka iingie hatua zake zote. Giaboksi ikishagusana na injini, konveta iwe bado inazunguka kwa mkono, na pawe na nafasi ya milimita chache kabla ya bolti kuivuta. Bolti zikianza kuvuta giaboksi yenyewe, simamisha kazi: pampu inavunjika.

Ukipata joto la maji na omu za SL, ziweke hapa.