Politekniki ama ualimu? Jibu kwa mdogo wangu wa Lubumbashi

Mdogo wangu, nimekusoma vizuri: uko mwaka wa mwisho wa sekondari, baba anataka politekniki, yaani masomo ya uhandisi chuoni, lakini wewe roho yako iko kwa watoto wa jirani unaowafundisha hesabu. Usichague kwa woga. Mimi likizo moja nilimfuata fundi umeme wiki mbili, nikimshikia koleo na waya; ndipo nikajua kazi ile si yangu. Omba mhandisi, kisha mwalimu, ukae naye kazini. Muulize hata mshahara. Jioni, tafuta mwanafunzi wa politekniki ya UNILU (Chuo Kikuu cha Lubumbashi) akupitishe kwenye masomo yao. Anayedai pesa akikuahidi nafasi chuoni, mkimbie. Baba akikaza, mwombe mshauri wa masomo wa shuleni aongee naye.