Maswali ya Wasomaji: Huyu mdudu wa kijani mwenye umbo la ngao ni spishi gani?

SWALI: Habari za kazi mtaalamu. Nimewatumia picha za mdudu nimemkuta kwenye maharage, ni wa kijani mwili mzima, bapa, ukimwangalia kwa juu ana umbo la ngao na ukimgusa anatoa harufu kali isiyotoka mkononi. Apu ya simu imeniambia ni Nezara viridula, nikapiga picha nyingine ikasema Palomena prasina, halafu rafiki yangu anayependa wadudu kama mimi anashikilia kuwa ni Chinavia. Tumebishana sana. Na kwenye mmea huohuo nimeona mwingine, umbo lilelile ila ni wa kahawia. Ni nani huyu, na nyie mnajuaje?

JIBU: Asante ndugu yangu, na asante zaidi kwa kupiga picha ya tumbo maana wengi wanatutumia mgongo tu. Jibu ni Nezara viridula, sina shaka, ila sio kwa sababu ya kijani chake. Rangi ndo inawapoteza watu kuliko kitu kingine chochote kwa wadudu hawa, na hata apu zinababaika hapohapo, kwa sababu kijani hicho na umbo hilo wanavyo wadudu wengi sana wa familia ya Pentatomidae, familia yenye spishi karibu 5,000.

Sasa twende polepole. Ana mrija wa kunyonyea umekunjwa chini ya kichwa, na bawa la mbele nusu gumu nusu utando, basi yuko kwenye oda ya Hemiptera, yaani kundi kubwa la wadudu wenye mrija wa kunyonyea, upande wa Heteroptera, wale wenye bawa la nusu kwa nusu. Hesabu pingili za papasio, zile antena za kichwani, utapata tano, ndo maana ya jina Pentatomidae lenyewe. Halafu angalia mwisho wa mguu pale kwenye kucha, kuna pingili ndogo tatu. Hapa usiruke, maana kuna familia nyingine ya kunguni ngao (ndivyo tunavyowaita wadudu wa umbo hili), Acanthosomatidae, kwa juu wanafanana nao kabisa ila wao pale mguuni wana pingili mbili tu. Na ile pembetatu kubwa mgongoni katikati ya mabawa inaitwa skutelamu, ndo sehemu ya kwanza mimi huitazama nikiletewa mdudu wa aina hii.

Kwenye picha yako ukizumu mwanzo wa skutelamu, pale inapokutana na mabega, kuna nukta nyeupe tatu zimejipanga mstari na kila kona kuna kidoa kidogo cheusi. Hiyo ni alama nzuri sana ya Nezara. Sasa shuka nyuma kabisa kwenye ule utando wa bawa: wa kwako hauna rangi, unaona mwili wa kijani chini yake. Palomena prasina utando wake ni kahawia iliyokolea, yaani mgongo kwa nyuma unaonekana kama umepakwa chai, kwa hiyo Palomena tumeshamtoa. Tena huyo ni mdudu wa Ulaya na maeneo ya jirani, wakati Nezara yuko karibu kila bara lenye joto, na wataalamu wengi wanaona asili yake ni Afrika Mashariki au pande za Mediterania.

Rafiki yako wa Chinavia usimcheke, ana hoja, kwa juu hawa wawili wanachanganya hata watu wazoefu. Ndo hapa picha ya tumbo inapofanya kazi. Kifuani kwa chini, jirani na mguu wa kati, kuna tundu la tezi ya harufu, na kutoka kwenye tundu kunaenda mfereji mdogo. Kwa Nezara mfereji ni mfupi na mpana, unaishia karibu tu. Kwa Chinavia ni mrefu, unapinda kwenda pembeni. Kisha katikati ya tumbo pale miguu ya nyuma inapoanzia, Chinavia ana mwiba uliochongoka unaelekea mbele, Nezara hana mwiba, ana kauvimbe butu. Wa kwako mfereji ni mfupi na mwiba hakuna. Kwa spishi zinazofanana zaidi ya hizi wataalamu wanaenda hadi kwenye viungo vya uzazi vya dume, hiyo inataka hadubini, ila kwako hatukuhitaji kufika huko.

Yule wa kahawia yawezekana kabisa ni spishi hiyohiyo. Nezara siku zikiwa fupi na baridi ikiingia anajificha, anaacha kuzaa na rangi inageuka kahawia, hali ikiwa nzuri anarudia kijani. Kuna pia wenye kichwa na mabega ya njano au krimu na mwili uliobaki kijani, hao wanaitwa fomu torquata, na wa kijani kitupu ni fomu smaragdula. Zamani mtu angeweza kudhani ni spishi tofauti, lakini wanazaana wenyewe kwa wenyewe, ni spishi moja. Huyo wa kahawia mpige picha tumbo kama ulivyofanya kwa huyu, nisingependa kumtaja kwa kukisia.

Na ukiliona jina limeandikwa Nezara viridula (Linnaeus, 1758), hayo mabano yana maana yake. Linnaeus, mtaalamu wa kuainisha viumbe, mwaka 1758 alimpa jina Cimex viridulus, yaani alimweka jenasi moja (kundi la spishi za karibu) na kunguni wa kitandani, halafu wataalamu wa wadudu Amyot na Serville wakaanzisha jenasi ya Nezara mwaka 1843. Mabano yanakuambia kwamba aliyemwelezea kwanza alimweka jenasi nyingine.

SWALI: Mimi nimeona vidudu vyeusi vya mviringo vina madoa meupe, vimekusanyika chini ya jani, havina mabawa. Ni spishi nyingine?

JIBU: Kwa picha ulizotuma hao ni tunutu, yaani watoto ambao hawajapata mabawa, wa huyohuyo Nezara. Anatoka kwenye yai mwenye rangi ya machungwa, anakaa na wenzake juu ya maganda ya mayai bila kula, kisha anapitia hatua tano kabla hajawa mkubwa na kila akijivua rangi inabadilika, weusi, madoa meupe, mwishoni kijani chenye madoa ya waridi. Tunutu usimtafutie nukta tatu za skutelamu, hana. Hata tezi za harufu anazotumia ziko mgongoni, zile za kifuani ni za mkubwa. Njia ya uhakika ni kuwafuga kwenye chombo chenye maharage mabichi, wakipata mabawa unawatambua vizuri.

SWALI: Nikimkuta kunguni ngao bustanini nimuue tu?

JIBU: Subiri kwanza, angalia mrija wake. Wanaonyonya mimea kama Nezara wana mrija mwembamba uliolala kabisa kifuani. Kuna nusufamilia inaitwa Asopinae, hao wanawinda viwavi, mrija wao ni mnene na wanaweza kuunyoosha mbele. Podisus maculiventris ni mmoja wao, na anafugwa makusudi ili aachiwe kwenye mazao apambane na viwavi. Kwa juu ni wa kahawia na mabega yamechongoka, wengi wanamuua wakidhani ni mharibifu. Mgeuze chali, tazama unene wa mrija, ukiwa mnene mwache aendelee na kazi yake.