Maswali ya bustani: matunguu ya maua yaliyolala

*Nilichimbua gladiola zangu, nikazipanda tena wiki iliyofuata. Mpaka leo kimya. Zimekufa? (Kasulu)*

Zifukue uziminye, mama. Zikiwa bado ngumu, hazijafa, zimelala. Tunguu la gladiola (kwa hakika ni shina lililovimba) likitoka kuchimbuliwa huwa na asidi ya absisiki nyingi, homoni inayozuia chipukizi kukua. Ukilimwagilia sasa unaliozesha tu. Likaushe kivulini, kisha liweke kwenye friji, si friza, kwa nyuzi 4 au 5 kwa miezi miwili au mitatu.

Katika baridi hiyo asidi hupungua. Watafiti wa China wameonyesha pia kwamba jeni iitwayo GhPP2C1 hutoa protini inayokata ujumbe wa asidi hiyo, hata iliyobaki ikakosa nguvu. Protini nyingine, GhNAC83, huibana jeni hiyo, na hubana pia utengenezaji wa saitokinini, homoni ya kuhimiza seli zigawanyike. Mbano huo ukilegea, chipukizi huanza kusukuma. Nasisitiza hili kwa sababu watu wengi hukimbilia mbolea, na hapa mbolea haina kazi: chakula tayari kimo ndani ya tunguu.

*Chakula hicho kinatumikaje? (Nguruka)*

Ni wanga. Vimeng'enya huuvunja kuwa sukari, nayo hulisha chipukizi. Kwenye yungiyungi, sukari huongezeka wazi matunguu yakiwekwa baridini.

*Naweza kuotesha tulipu Ujiji? (Ujiji)*

Kwa friji, ndiyo. Kwa hali ya hewa ya ziwani, hapana. Asili yake ni milima ya Asia ya Kati, na huhitaji wiki 12 hadi 16 chini ya nyuzi 9. Usiliweke friji moja na ndizi mbivu: etilini inayotoka kwenye ndizi huweza kuua ua changa ndani ya tunguu. Hata likichanua, joto letu litalinyausha upesi. Binafsi ningepanda gladiola.

*Kuna ua jekundu la mviringo, lenye nyuzinyuzi, linalotoka miomboni mvua zikianza. Nani huliamsha? (Urambo)*

Hilo kitaalamu ni Scadoxus multiflorus. Hulala kiangazi chote, kisha unyevu wa mvua za kwanza hulitoa, mara nyingi ua likitangulia majani. Halihitaji friji hata siku moja, maana usingizi wake umefuata majira yetu. Ukilihamishia nyumbani, acha udongo ukauke kabisa kuanzia majani yakinyauka hadi mvua zirudi. Na watoto wasiliguse: tunguu lake lina sumu kali.