Tunguu au Dodoma: barua kwa mwanangu

Mwanangu,

Waalaykumu salaam. Barua yako ilifika juzi kwa mkono wa dereva. Nimeisoma barazani, kisha nikaisoma tena mama yako alipolala. Umeuliza jambo moja: wenzako watatu wa dahalia wanajaza UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma, ualimu wa sayansi, nawe alama zako zinatosha huko na SUZA pia, chuo chetu cha taifa cha Zanzibar. Je, ufuatane nao au ubaki Unguja?

Mama yako anataka SUZA ya pale Tunguu, apate kukuona kila Idi. Hilo liweke kando. Ami yako naye kila akija hunihubiria IIT Madras, kile chuo cha teknolojia cha Wahindi pale Bweleo, kwamba tangu 2023 ndiyo kampasi yao ya kwanza nje ya India. Ni kweli, lakini wewe hutaki sayansi ya data, wataka kusomesha bailojia.

Mimi nakutazama wewe. Unaukumbuka ule msimu wa karafuu, ulipokuwa kidato cha pili? Binamu zako walikaa jamvi moja, wanachambua huku wanataniana, nawe ukajitenga na pakacha lako nyuma ya jiko. Nilidhani umenuna. Jioni tulipopima, pishi zako zilizidi za wote. Na ulipokwenda dahalia nilisubiri simu ya kilio, haikuja. Ugeni haukukusumbua hata kidogo. Zilikusumbua kelele, ukawa unaamka saa tisa usiku kusoma wenzako wakiwa wamelala. Na maswali yako siku zote ulimuuliza mwalimu darasa likishatawanyika. Basi usijiulize kama utaweza kukaa mbali na kwenu. Utaweza. Jiulize utamuuliza nani swali lako, na saa ngapi.

Hili sijapata kukwambia. Unajua nilisoma bara muhula mmoja nikarudi, na nimekuacha uamini ni kwa ajili ya maradhi ya babu yako. Babu yako alikuwa mzima. Nilimfuata rafiki yangu chuo kimoja ambacho darasa lake lilijaa mpaka watu wakakaa madirishani. Yeye alistawi mule. Mimi muhula mzima sikunyosha mkono, nikafeli hesabu nilizokuwa nikimfundisha yeye skuli.

Sikutishi na Dodoma. Ni chuo kikubwa, kimeanza 2007, ndaki zake zimetawanyika vilimani, na mtu mkimya akipenda hujificha vizuri pahala penye watu wengi. Safari nayo si kama ya zama zetu. Ukishuka boti Dar, treni ya SGR inakufikisha kule siku hiyohiyo. Lakini wenzako hao watatu, ninavyowajua, ni watu wa jamvi moja. Utawakimbia kabla ya mwezi kwisha, kisha utaona haya.

Kwa hiyo mimi naelekea SUZA, ila usinifuate kibubusa. Kina kampasi nyingi: Tunguu, Vuga, Mbweni, Maruhubi, mpaka huku kwetu Pemba. Uliza kozi yako inasomeshwa wapi hasa, usije ukapanga chumba Tunguu bure. Kisha nenda siku ya masomo, si siku ya maonesho ambapo kila mtu anatabasamu. Kaa nje ya maabara, tazama wanafunzi wakitoka: kuna anayebaki na mwalimu, au wote wanakimbilia daladala? Ingia maktaba, uliza inafungwa saa ngapi. Halafu mpigie yeyote unayemjua aliye Dodoma sasa, umuulize hayohayo, usimuulize kama panapendeza.

Ukipenda, omba kote kuwili. Ukichaguliwa kote utathibitisha kimoja, na hapo usiniulize tena, amua. Mkopo tutaufuatilia pamoja, hilo la fedha niachie mimi.

Dereva nimempa mashelisheli manne. Mawili ya shangazi yako, na mwambie yale mengine si yake.

Baba yako,
Wete