Kazi ya shamba la bangi Colorado ni halali, ila uraia unaweza kuukosa

Mkuu, umeuliza kama uchukue kazi ya shamba la bangi hapo Denver, kwenye jimbo la Colorado, Marekani, maana wanalipa dola tatu zaidi kwa saa kuliko ghala unalofanyia sasa, na grinikadi yako, yaani kibali cha kuishi Marekani moja kwa moja, ina mwaka mmoja tu. Waliotangulia kukujibu wamesema "chukua, huku ni halali". Mimi nasema usichukue, kwa sababu mimi niliichukua.

Niliingia kwenye kazi hiyo mwishoni mwa 2014. Wapiga kura wa Colorado walipitisha Marekebisho ya 64 ya katiba ya jimbo, yaliyohalalisha bangi, Novemba 2012, na maduka yakaanza kuuza Januari mosi 2014 kwa wenye miaka 21 kwenda juu. Kazi yangu ilikuwa kupogoa maua. Unakaa kitini kwa muda wa saa nane, unashika kitawi, unakata vijani vyote mpaka libaki ua tupu. Utomvu unaganda kwenye mkasi hadi haufunguki, unaufuta kwa spiriti, unaendelea. Kila mche una kibandiko chenye namba yake, na jimbo linaifuatilia bidhaa hiyo hadi dukani. Uzito ukipungua, lazima ijulikane umeenda wapi. Mimi ni mtoto wa Muheza, Tanzania, najua msokoto mmoja unavyoweza kumpeleka mtu mahabusu. Kuiona bangi inapimwa kwenye mizani na karani anaandika, niliamini kweli nimefika kwenye utaratibu.

Shingoni nilivaa beji. Inatolewa na jimbo lenyewe, baada ya kukuchunguza kama una rekodi ya uhalifu. Bila beji hugusi mche.

Nilipoomba uraia, nilikwenda kwenye usaili na kila kitu: fomu za kodi, hati za mshahara, na ile beji. Niliiweka mezani kwa mkono wangu, nikidhani inanisafisha. Ofisa akaitazama, akaigeuza, akauliza kwa upole kabisa, "Pale ulikuwa unafanya nini hasa?" Nikamweleza kama nilivyokueleza wewe. Akaandika kwa muda mrefu. Barua ilipokuja ilisema sijathibitisha kuwa na tabia njema, kwa kuwa nilishiriki kuzalisha dawa inayodhibitiwa.

Tabia njema! Mtu ambaye hajawahi kusimamishwa na polisi hata kwa taa ya gari.

Shida ni kwamba jimbo linaruhusu, lakini sheria ya serikali kuu ya 1970 iliiweka bangi kwenye Jedwali la Kwanza, kundi moja na heroini, na uraia hautolewi na Colorado. Aprili 2019 ikaandikwa wazi kwenye mwongozo wa idara ya uraia na uhamiaji ya serikali kuu: hata kama jimbo lako limeruhusu, kuitumia au kufanya kazi kwenye biashara hiyo kunaweza kukukosesha uraia. Kwa wengi wetu wanaangalia miaka mitano kabla ya kuomba. Wakili wa uhamiaji akaniongezea kwamba nisisafiri nje, maana nikirudi naweza kuhesabiwa kama mfanyabiashara wa dawa za kulevya. Mama alifariki nikiwa katika hali hiyo. Mazishi niliyafuata kwenye simu, shemeji akiwa ameinyoosha juu ya kaburi.

Pamoja na hayo, sheria ya Colorado naitetea. Nilikuwepo wakati pipi za bangi zinauzwa bila alama, mtu anakula nzima, nusu saa haoni kitu, anaongeza nyingine, usiku anapelekwa hospitali. Jimbo lilisikia. Leo dozi moja ni miligramu 10 za kilevi chake (THC), pakiti haizidi 100, kila kipande kina alama yake, na tangu Oktoba 2017 ni marufuku kutengeneza zenye umbo la mnyama au tunda, kwa sababu ya watoto. Mlangoni unaonyesha kitambulisho hata kama una mvi. Muuzaji wa kichochoroni hakuwahi kumuuliza mtoto umri wake. Na kodi ya bangi halali imejenga shule ambazo watoto wetu wanasoma.

Ninachokidai ni kitu kimoja. Jimbo linalotunga sheria kama hii linajua fika kuwa wageni watakwenda kuomba hizo kazi. Kwenye fomu ya beji, juu kabisa, liandike kwa herufi kubwa: kama wewe si raia, kazi hii inaweza kukugharimu uraia na haki ya kuishi hapa. Mimi ningeisoma. Ningebaki na kazi yangu ya kuosha vyombo hotelini.

Kwa hiyo mkuu, shikilia ghala lako. Usinunue, usivute, hata kwenye picha za simu isiwepo. Kama ulishawahi kutumia, usije ukadanganya kwenye fomu ya uraia, uongo unafungua kesi nyingine; nenda kwanza kwa wakili. Na awe wa uhamiaji. Mimi wa kwanza niliyemwendea alikuwa wa kesi za jinai za jimbo, akanijibu kwa dakika mbili kuwa sina tatizo, na kwa sheria anayoijua yeye alikuwa sahihi.